Tunza Mbwa Wako Uokoe Ini la Mtoto

Miaka kadhaa iliyopita bibi mmoja wa Katilu alimleta mjukuu wake katika zahanati ndogo niliyokuwa nikifanya kazi kusini mwa Turkana. Mvulana alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Tumbo lilikuwa limefura kuanzia chini ya mbavu hadi karibu na kitovu, lakini hakuwa na homa, alikula vizuri na alicheka nilipomtekenya. Nikafikiri ni bandama iliyovimba kwa sababu ya malaria ya mara kwa mara. Nilimpa dawa nikamwambia bibi amrudishe baada ya wiki mbili.

Nje ya mlango alikuwa amelala mbwa waliyekuja naye kwa miguu. Alikuwa mbwa mwembamba wa rangi ya mchanga, mwenye miguu mirefu, kifua kilichoshuka na tumbo lililoingia ndani. Nilimwagiza mlinzi amfukuze. Mlinzi alirusha jiwe moja tu. Mbwa hakubweka wala hakuonyesha meno. Alilaza masikio, akafyata mkia, akaenda kukaa chini ya mgunga huku macho yake yakiwa mlangoni.

Miezi miwili baadaye tumbo lilikuwa limezidi. Ndipo nilipomtuma mtoto kwenye kipimo cha altrasaundi, na picha ikaonyesha kifuko cha maji ndani ya ini, kikubwa kama balungi. Haikuwa malaria wala bandama. Ulikuwa uvimbe wa haidatidi, ugonjwa ambao mtu huupata kutokana na mnyoo anayeishi tumboni mwa mbwa. Siku ile ya kwanza shahidi wangu alikuwa amelala mlangoni, nami nikaamuru apigwe mawe. Sikumwuliza bibi hata swali moja kuhusu mbwa wake.

Naandika haya kwa sababu kosa langu ni kosa la wengi wetu tunaoishi mijini. Ama tunamdharau mbwa na kumfukuza, ama tunampenda bila kumtunza. Njia zote mbili zinawagharimu watoto. Maoni yangu ni kwamba afya ya mbwa ni sehemu ya afya ya nyumba, na dawa ya minyoo ya mbwa inafaa kuhesabiwa pamoja na chanjo za watoto.

MBWA ALIYELEA MTOTO

Nilipomweleza bibi chanzo cha ugonjwa, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Daktari, huyu mbwa ndiye aliyemlea."

Hakuwa akitia chumvi. Watafiti waliofanya kazi miongoni mwa Waturkana wameandika tangu zamani kuhusu mbwa anayezoezwa kukaa na mtoto mchanga. Mama anapokwenda kuteka maji au kukata kuni, mbwa hubaki kibandani. Mtoto akitapika, mbwa humlamba mdomo. Akijisaidia, mbwa humsafisha. Usiku hulala pamoja naye na kumtia joto.

Usiharakishe kucheka. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka, na mama anayetembea saa nyingi kutafuta mtungi mmoja wa maji hana maji ya kumwosha mtoto mara tano kwa siku. Mbwa alikuwa jibu la tatizo la maji. Na wewe uliye Nairobi au Eldoret, je, hujamwona mtoto wako akimkumbatia mbwa na kulambwa uso, kisha akashika mkate kwa mikono ile ile? Tofauti ni kwamba wewe una bomba na sabuni.

Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mimi kama daktari naongeza kwamba kabla ya kufika msikitini ataingia kwanza jikoni na kitandani. Kwa kuwa ameshaingia, swali la maana ni hili: ameingia akiwa na nini tumboni?

SAFARI YA MNYOO

Mnyoo mwenyewe ni aina ya tegu, lakini si yule tegu mrefu unayemjua. Huyu ana urefu wa milimita chache tu, mdogo kama punje ya mchele iliyokatwa. Mbwa mmoja anaweza kuwa nao maelfu na asionekane mgonjwa. Atakimbia, atakula na atabweka kama kawaida. Kwa hiyo usiniambie, "Mbwa wangu hana minyoo, nimekitazama kinyesi chake." Kwa macho yako hutawaona.

Mbwa huwapata anapokula ini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo, ngamia au ng'ombe yenye vifuko vya maji. Mchinjaji akiona ini lina uvimbe hulikata na kumtupia mbwa, akidhani ametenda wema na kuondoa uchafu kwa wakati mmoja. Kumbe hapo ndipo amepanda mbegu. Baada ya wiki sita au saba hivi, mnyoo hukomaa na mayai huanza kutoka na kinyesi. Mayai hayo hayaonekani. Hunata kwenye manyoya, na mbwa anapojilamba huyasambaza hadi puani na mdomoni.

Mtu huyameza kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji ya kisima ambacho mbwa hunywa, au kwa mboga zilizochafuliwa. Yakifika utumboni huanguliwa, na vijidudu huingia katika damu na kusafirishwa. Wengi hukwama katika ini. Wengine hufika kwenye mapafu, na wachache kwenye ubongo, mifupa au figo. Pale wanapotua hujenga kifuko cha maji kinachokua polepole kwa miaka.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulikosea. Huwezi kuupata ugonjwa huu kwa kula ini au nyama ya mbuzi, hata kama mbuzi huyo alikuwa nao. Mnyama mgonjwa humwambukiza mbwa, na mbwa humwambukiza mtu. Ukikata njia kati ya kichinjio na mdomo wa mbwa, umekata ugonjwa wote.

Jambo la pili ni jua. Jua kali la Turkana huyaua mayai upesi yakiwa mahali pa wazi. Lakini katika kivuli cha kibanda, penye unyevunyevu na kwenye visima, huishi muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu hatari kubwa iko pale mbwa anapolala, anapokunywa na anapomlamba mtoto, kuliko kule malishoni. Na ndiyo sababu mkazi wa Katilu, mwenye shamba la mahindi linalonyweshwa kwa maji ya mto Turkwel na kivuli cha miti kando yake, asijifariji kwamba jua litamfanyia kazi.

TURKANA ILIVYOJULIKANA DUNIANI

Ni jambo la kusikitisha kwamba Turkana ilipata sifa duniani kwa ugonjwa huu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1982 ulikadiria wagonjwa wapya wapatao 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika sehemu za kaskazini mwa wilaya hiyo, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa zaidi kuwahi kuandikwa popote. Mbwa walipochunguzwa katika sehemu hizo, zaidi ya nusu walikutwa na tegu huyu. Kusini, upande wa Katilu, hali haikuwa mbaya kiasi hicho, lakini hali nafuu si sawa na salama.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha programu ya kupambana na ugonjwa huo kaskazini-magharibi, upande wa Lokichoggio. Mbwa walipewa dawa, wasio na wenyewe walipunguzwa, wananchi walielimishwa na wagonjwa walifanyiwa upasuaji. Mashine za altrasaundi zilipelekwa hadi vijijini, na watu walipimwa chini ya miti. Katika miaka ya 1980, zaidi ya watu watano kati ya kila 100 waliopimwa walikutwa na uvimbe. Vipimo vya mwaka 2010 na 2011 vilionyesha kiwango kimeshuka hadi kati ya wawili na wanne hivi kwa kila 100. Si ushindi kamili, lakini ni dhahiri kwamba kazi hii inawezekana.

Tena inawezekana hata kufika mwisho wake. Kule Iceland, kisiwa cha wafugaji wa kondoo, ugonjwa huu ulikuwa balaa katika karne ya 19. Mwaka 1864 kijitabu kuhusu mbwa na minyoo kilichapwa na kugawiwa nyumba kwa nyumba. Watu walisoma, wakaacha kuwapa mbwa matumbo mabichi, na serikali ikaweka sheria. Leo ugonjwa huo umekuwa historia kule. New Zealand nayo ilitangaza mwaka 2002 kwamba karibu imeutokomeza. Waliofanikiwa hawakuwa na dawa ya miujiza. Walikuwa na watu waliosoma na kutenda. Ndiyo maana naona ukurasa wa gazeti kama huu si kazi bure.

DALILI NA MATIBABU

Iwapo wewe au mtoto wako mna uvimbe wa tumbo usio na homa, maumivu mazito upande wa kulia chini ya mbavu, au kikohozi kisichoisha kikiambatana na maumivu ya kifua, na mmewahi kuishi karibu na mbwa na mifugo, mwambie daktari wazi. Usingoje akuulize. Mimi sikuuliza. Kifuko kinaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, kwa hiyo mtu aliyetoka Turkana akiwa mdogo anaweza kuugulia Mombasa akiwa na watoto wake.

Usikubali mtu yeyote akuchanje, akukande kwa nguvu au akutoboe uvimbe huo. Kifuko kikipasuka ndani, maji yake yanaweza kuushtua mwili kiasi cha kuua kwa muda mfupi, na mbegu zake husambaa tumboni na kuota vifuko vipya.

Matibabu yako ya namna nne, na daktari huchagua kwa kuangalia picha ya altrasaundi. Vifuko vidogo huweza kutibiwa kwa vidonge vya albendazoli kwa miezi kadhaa. Vingine hutobolewa kwa sindano maalumu huku daktari akiangalia picha, maji yakavutwa, dawa ya kuua mbegu ikaingizwa kisha ikavutwa tena. Vikubwa au vilivyokaa mahali pa hatari huhitaji upasuaji. Na vile vilivyokufa vyenyewe huachwa, mgonjwa akawa anapimwa kila baada ya muda. Kama unavyoona, njia zote zinahitaji hospitali, fedha na subira. Dawa ya mbwa ni nafuu zaidi.

WEMBAMBA WAKE SI UGONJWA

Sasa tumzungumzie mbwa mwenyewe, maana watu wa mijini wameanza kumpenda huyu mbwa mwembamba. Wapo wanaopita Katilu au Lokichar wakirudi kutoka Lodwar, wakamwona mtoto wa mbwa mwenye macho mazuri, wakamtia garini. Baada ya miezi mitatu wananiuliza kwa nini hanenepi, anatetemeka na anaogopa hata ufagio.

Mbwa wa Turkana ni wa kienyeji, hana cheti cha ukoo. Lakini wengi niliowaona wana umbile linalokaribiana na lile la mbwa wa mbio wanaowinda kwa macho badala ya pua, kama vile greyhound wa Uingereza na saluki wa Uarabuni. Wasomaji wenye jamaa Oman na nchi za Ghuba watamjua saluki. Mabedui humwita huru na kumruhusu kuingia hemani, ilhali mbwa wengine hubaki nje. Yale ambayo madaktari wa mifugo wamejifunza kwa mbwa hao yanatufaa hata kwa huyu wetu.

Kwanza, usimlishe kupita kiasi ili anenepe. Mwili wa namna hii umeumbwa kuwa mwepesi. Mbavu mbili tatu zikionekana kidogo na misuli ya mapaja ikiwa imara, yuko sawa. Lakini mbavu zote zikitokeza, manyoya yakififia na uti wa mgongo ukahisika kama msumeno, hiyo ni njaa au ugonjwa, na usijidanganye kuwa ndiyo asili yake.

Pili, mafuta mwilini mwake ni machache na ngozi yake ni nyembamba. Amezoea joto la Turkana. Ukimpeleka Limuru au Eldoret, mpe gunia kavu, mbao za kumwinua kutoka sakafuni na banda lisilopitisha upepo. Ngozi yake huchanika kwa urahisi kwenye seng'enge, kwa hiyo kagua ua wako. Na ingawa amezaliwa penye joto, usimkimbize saa sita za mchana. Mpe kivuli na maji safi yanayobadilishwa kila siku.

Tatu, usimfunge mnyororo mchana kutwa na kumfungulia usiku kama tulivyozoea kufanya. Mbwa wa namna hii anahitaji kukimbia. Akiona kitu kikitoroka, awe paka au kuku wa jirani, macho humtangulia na masikio huziba. Hutamwita akarudi. Mkimbize ndani ya ua uliofungwa au mshike kwa kamba unapotembea naye barabarani.

Nne, ni mwepesi wa kushtuka. Ukimfokea hujikunja, ukimpiga huacha kula, na akizidi kubanwa kwenye kona huuma kwa hofu. Mfundishe kwa sauti ya chini na kipande cha chakula. Wafundishe watoto wasimguse anapokula wala anapolala.

Tano, akihitaji upasuaji, hata ule wa kuhasiwa, mkumbushe daktari wa mifugo umbile lake. Imejulikana kwa muda mrefu kwamba greyhound huchelewa sana kuzinduka kutoka katika baadhi ya dawa za usingizi, hasa zile za jamii ya thayopentali, kwa kuwa mwili wake huziondoa polepole na hauna mafuta ya kutosha kuzihifadhi. Daktari mwangalifu atampima uzito kwa mizani na kuchagua dawa inayofaa. Usikubali akadirie kwa macho.

YANAYOKUHUSU WEWE

Katika yote hayo, yaliyo muhimu zaidi kwa afya ya nyumba yako ni haya.

Usimpe mbwa ini, mapafu wala matumbo mabichi. Ukiyanunua kwa mwenye bucha kwa ajili yake, yachemshe nusu saa kamili tangu maji yaanze kutokota. Ukichinja mbuzi nyumbani siku ya sikukuu, viungo vyenye uvimbe vichome moto au vizike kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

Mpe mbwa dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mahali penye ugonjwa huu, hutolewa kila baada ya wiki sita, kwa sababu huo ndio muda ambao mnyoo mpya hajaanza kutaga. Dawa nyingi za minyoo zinazouzwa madukani hazimuui tegu huyu, kwa hiyo uliza jina la dawa kabla ya kulipa. Baada ya kumpa, mfunge siku mbili, kisha kinyesi chake kizike au kichome, kwani dawa huua mnyoo lakini haiui mayai.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula. Osha mboga zinazoliwa mbichi. Mtenge mbwa na vyombo vya chakula na mtungi wa maji. Mtoto akilambwa uso, mwoshe mara moja bila kumtisha.

Mchanje mbwa kila mwaka dhidi ya kichaa. Akimwuma mtu, hata kama ni mbwa wenu, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hatuna tiba. Serikali ya Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030. Hatutafika bila chanjo ya mbwa.

KUMUUA SI DAWA

Najua wapo watakaosema njia fupi ni kuwaua mbwa wote kwa sumu au risasi. Nimeisikia kauli hiyo katika mikutano, tena kutoka kwa wasomi. Ni kweli kwamba mbwa wasio na wenyewe wanaozurura kwenye vichinjio lazima wapungue, na kuhasi ndiyo njia ya kudumu ya kuwapunguza. Lakini ukiwaua mbwa huku kichinjio kikiendelea kutupa mapafu nje, mbwa wengine watafuata harufu na kujaza nafasi yao. Sumu nayo haichagui. Huua mbwa aliyechanjwa na mwenye kichaa, na pengine kuku na mtoto.

Zaidi ya hayo, mfugaji wa Turkana bila mbwa ni mtu asiye na mlinzi. Mbwa ndiye anayempigia kelele fisi usiku. Ukimwambia mfugaji amwue, ataitikia mbele yako na kumficha. Lakini ukimwambia, "Mlete tumpe dawa," atamleta.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti ya Turkana, na kaunti nyingine za wafugaji, ifanye mambo matatu. La kwanza, kila mahali pa kuchinja pawe na ua, mlango na shimo lenye kifuniko la kutupia viungo vibovu. Miji imekua. Lodwar ni makao makuu ya kaunti, na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, ina watu wengi wanaohitaji nyama. Nyama inayochinjwa ikiongezeka, matumbo yanayotupwa huongezeka, na mbwa nao huongezeka.

La pili, prazikwanteli ya mbwa iwe katika bajeti ya afya ya watu, isiachiwe idara ya mifugo peke yake. Wahudumu wa afya wa vijijini wanaopita nyumba hadi nyumba kuwatazama watoto wanaweza kuuliza pia juu ya mbwa. La tatu, altrasaundi irudi vijijini mara kwa mara, wala isingoje tumbo lifure hadi lionekane kwa macho. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mashine iliyo mjini haimwokoi mtoto aliye Katilu.

Na kwetu sisi madaktari naomba jambo moja dogo: tuongeze swali moja katika maswali tunayomwuliza mgonjwa. Tunauliza juu ya maji, chandarua na chanjo. Tuulize pia, "Mama, mna mbwa nyumbani? Anakula nini?"

Yule mvulana alipasuliwa na akapona. Aliporudi nyumbani alikuta wajomba wake wamekwisha kumfunga mbwa kwenye mti, tayari kumwua. Bibi alinieleza kwamba mtoto alikaa karibu na ule mti akakataa kula siku nzima. Wajomba wakaona aibu, wakamfungua. Bibi akaja kwangu kuuliza kama kweli ipo dawa ya mbwa.

Nilimpa jina la dawa, nikampeleka kwa ofisa wa mifugo, nikamwonyesha namna ya kuficha kidonge katika donge la ugali. Tulikubaliana kwamba mbwa atalala nje ya kibanda, atachemshiwa chakula, na kumwosha mtoto mchanga itakuwa kazi ya watu. Safari iliyofuata alikuja na mtoto na mbwa. Mlinzi alininong'oneza kama amfukuze. Nilimwambia amwekee maji kivulini.

Ikiwa leo umemwona mbwa wako amelala mlangoni, mpenzi msomaji, usimrushie jiwe, wala usimwachie amlambe mtoto. Hesabu tu ni wiki ngapi zimepita tangu umpe dawa. Kama huwezi kukumbuka, mpeleke wiki hii.